Kisukari cha ujauzito: kupima, kusoma nambari na kujifungua salama

Kisukari cha ujauzito hakiumi. Mwanamke anaweza kuwa na sukari ya 11 mmol/L kwenye damu na bado akauza mboga soko la Kibuye, Kisumu, kutwa nzima, akapika, akalala usingizi mzuri. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo kila saa hutajwa kama dalili, lakini mwenye mimba ya miezi 6 huwa nazo zote hata akiwa mzima kabisa. Kusubiri mwili useme ni kupoteza muda. Inabidi upime, uandike, kisha uisome kila nambari kwa kile inachosema.

Kuna jambo moja ambalo mama wengi hawaelezwi: nambari ya asubuhi kabla ya kula na nambari ya baada ya chakula hazina chanzo kimoja. Ya baada ya chakula inatokana zaidi na sahani. Ya asubuhi inatokana zaidi na ini lako na homoni za mimba, na mara nyingi haishuki hata ukila kidogo namna gani. Asiyejua hili hujinyima chakula cha jioni wiki nzima, asubuhi anakuta sukari iko pale pale, anajilaumu, mwishowe anaacha kupima.

Kinachotokea mwilini

Kuanzia katikati ya mimba, kondo la nyuma humwaga homoni nyingi zinazozuia insulini ya mama, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, isifanye kazi yake vizuri. Hilo lina maana yake: sukari ikikaa kwenye damu muda mrefu zaidi, mtoto anapata chakula. Kongosho la mama hujibu kwa kutengeneza insulini mara mbili au tatu ya kawaida. Likishindwa kufikia hapo, sukari hupanda. Hali hii huongezeka kadiri kondo linavyokua, kisha hutulia karibu na wiki ya 36.

Sukari ya mama huvuka kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe, nyingi, na insulini hiyo humjaza mafuta, hasa mabegani na tumboni. Huyo ndiye mtoto ambaye kichwa hutoka na mabega yakakwama. Na kitovu kikishakatwa, sukari kutoka kwa mama hukoma papo hapo huku insulini ya mtoto ikiwa bado juu, ndipo sukari yake huporomoka katika saa za kwanza za maisha. Sukari isiyodhibitiwa pia huongeza maji ya uzazi, huleta presha na kifafa cha mimba, na mara nyingine mtoto hufia tumboni wiki za mwisho.

Hakuna aliyejiletea ugonjwa huu kwa kunywa chai ya sukari. Mama mkwe akisema hivyo, mwoneshe aya mbili zilizotangulia.

Nani apimwe, na lini

Muda wa kawaida ni kati ya wiki ya 24 na 28, yaani mwezi wa 6 kuingia wa 7. Lakini kuna wanaopaswa kupimwa siku ya kwanza wanapofika kliniki, kisha warudie wiki ya 24 hadi 28 kama kipimo cha kwanza kilikuwa sawa:

- aliyewahi kupata kisukari katika mimba iliyopita;
- aliyewahi kujifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, au mtoto aliyefia tumboni bila sababu kujulikana;
- mwenye mzazi, kaka au dada anayeugua kisukari;
- mwenye uzito mkubwa kabla ya mimba;
- anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Ukianza kliniki ukiwa na mimba ya miezi 5 au 6, kama wanavyofanya wengi, omba vipimo vyote vifanywe siku hiyo badala ya kupangiwa mwezi ujao.

Kipimo cha mkojo unachofanyiwa kila ziara hakitoshi. Figo za mjamzito huvujisha sukari kwenye mkojo hata damu ikiwa sawa, na kinyume chake mkojo unaweza kuwa safi na damu ikawa imezidi. Mkojo ukionyesha sukari, uliza kipimo cha damu. Usiposikia lolote, uliza vilevile kama uko kwenye orodha iliyo hapo juu.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi kama 3, kina kasoro kubwa katika ukanda huu wetu. Kinategemea chembe nyekundu za damu. Kuanzia Busia hadi Siaya na Homa Bay, malaria, selimundu na upungufu wa damu ni mambo ya kila siku, na yote matatu huvuruga jibu. Malaria na selimundu huharibu chembe mapema na kufanya HbA1c ionekane ndogo kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha bila sababu. Ikiwa unakula odowa, mwambie muuguzi, kwa kuwa udongo huo huzuia madini ya chuma kufyonzwa. HbA1c nzuri peke yake isikutoe wasiwasi.

Tangu 2023 wahudumu wengi wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za presha na sukari. Kipimo chao nyumbani ni cha kukushtua tu. Hakithibitishi ugonjwa wala hakikuondolei shaka.

Kipimo cha kunywa glukosi

Hiki ndicho kipimo kinachothibitisha. Kinachukua asubuhi nzima, kwa hiyo uliza mapema bei yake, kama maabara inakifanya kila siku, na kama wanayo glukosi au utanunua mwenyewe duka la dawa.

1. Kwa siku 3 kabla, kula kama kawaida. Ukipunguza ugali ili ufaulu, jibu litapotoka, tena linaweza kupotoka kwa kupanda.
2. Chakula cha mwisho kiwe saa 3 au saa 4 usiku. Maji matupu unaruhusiwa. Fika maabara saa 1 au saa 2 asubuhi, ukiwa hujala kwa saa 8 au zaidi.
3. Damu ya kwanza hutolewa kwenye mshipa.
4. Unakunywa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye mililita 250 hadi 300 za maji. Maliza ndani ya dakika 5. Saa inaanza kuhesabiwa unapopiga funda la kwanza.
5. Kaa. Usitembee sokoni ukarudi, usile, usivute sigara. Kutembea hushusha sukari na kuficha ugonjwa.
6. Damu ya pili hutolewa baada ya saa 1, ya tatu baada ya saa 2.

Una kisukari cha ujauzito ikiwa hata moja tu kati ya nambari hizi imefikiwa au kupitwa: kabla ya kunywa, 5.1; saa 1 baada ya kunywa, 10.0; saa 2 baada ya kunywa, 8.5. Vipimo hivi ni vya mmol/L. Ukipewa jibu la mg/dL, gawanya kwa 18. Kabla ya kula ikifika 7.0, au baada ya saa 2 ikifika 11.1, hicho ni kisukari kamili ambacho huenda kilikuwepo kabla ya mimba, na matibabu huanza haraka zaidi.

Mambo yanayoharibu kipimo: kutapika glukosi (rudia siku nyingine, kuilamba kidogo kidogo baadaye hakusaidii), glukosi iliyokisiwa kwa kijiko bila kupimwa, na damu iliyokaa mezani. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, hivyo kila saa inayopita jibu hushuka. Kama damu inasafirishwa kutoka zahanati kwenda maabara ya mbali, chupa iwe ile yenye kifuniko cha kijivu, iwekwe kwenye baridi na ifike upesi. Una haki ya kuuliza.

Mashine ya nyumbani

Baada ya kuthibitishwa, utahitaji glukometa. Kabla ya kununua mashine, uliza bei ya stripu (vibanzi vya kuwekea tone la damu), maana mashine unainunua mara moja, stripu kila mwezi. Chagua aina ambayo stripu zake zinapatikana karibu nawe, Kakamega au Bungoma, bila kuagiza Nairobi.

Nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa. Mikono iliyoshika embe au miwa inaweza kukupa nambari ya kutisha isiyo ya kweli. Ukitumia spiriti, isubiri ikauke. Choma ubavu wa kidole, si ncha, acha tone litoke lenyewe; kuminya sana huchanganya damu na majimaji. Funga kichupa cha stripu mara tu unapotoa moja, kwa sababu unyevu huziharibu, na kichupa kikishafunguliwa nyingi hudumu takriban miezi 3 hata kama tarehe ya mwisho iko mbali. Usiache mashine juani wala karibu na jiko.

Kwa ukamilifu hupimwa mara 4 kwa siku: asubuhi kabla ya kula chochote, kisha saa 1 baada ya kuanza kula (si baada ya kumaliza) kila mlo mkuu. Kwa kichupa cha stripu 50, hizo ni siku 12 tu. Uwezo ukiwa mdogo, na daktari akikubali, pima mara 2 kwa siku kwa zamu: kila siku asubuhi, kisha Jumatatu baada ya kiamsha kinywa, Jumanne baada ya chakula cha mchana, Jumatano baada ya cha jioni, halafu unarudia. Stripu 50 zitakufikisha siku 25 na bado mpangilio utaonekana. Anayetumia insulini asipunguze hivi bila kuambiwa.

Andika kwenye daftari tarehe, saa, nambari na ulichokula. "7.9" pekee haimsaidii daktari. "7.9, saa 1 baada ya chapati 2 na chai ya sukari" inamsaidia sana.

Kuzisoma nambari

Malengo ni haya: asubuhi kabla ya kula chini ya 5.3, saa 1 baada ya kuanza kula chini ya 7.8, ukipendelea kupima baada ya saa 2, chini ya 6.7. Chagua saa 1 au saa 2, ushikamane na uamuzi huo.

Nambari moja mbaya haina neno. Tazama mpangilio. Ukizidi 7.8 baada ya kiamsha kinywa siku 3 kati ya 4, tatizo liko kwenye kiamsha kinywa. Badilisha kitu kimoja tu hapo, pima siku 2 au 3, uone. Ukibadilisha chakula chote kwa mara moja hutajua kilichosaidia.

Asubuhi ikizidi 5.3 mara kwa mara huku za mchana ziko sawa, usianze kukata chakula cha jioni. Usiku ini hutoa sukari, na ukikaa njaa saa nyingi hutoa zaidi. Jaribu kinyume chake: kabla ya kulala kunywa glasi ya maziwa yasiyo na sukari pamoja na ngumi moja ya njugu, na usikae zaidi ya muda wa saa 10 bila kula. Ikiwa baada ya wiki 1 bado iko juu, unahitaji dawa. Hapo sahani imeshafanya kazi yake yote.

Wiki 1 hadi 2 za chakula na kutembea zinatosha kujua kama njia hiyo itatosha. Ikiwa asubuhi ilikuwa 7.0 au zaidi tangu mwanzo, dawa huanza mara moja bila kusubiri.

Sahani

Mjamzito hapaswi kuacha wanga. Anahitaji takriban gramu 175 kwa siku, mgawanyo ndio unaobadilika: milo 3 ya wastani na vitafunio 2 au 3. Asubuhi ndipo mwili hushindwa zaidi kustahimili wanga, na kwa bahati mbaya ndipo meza zetu hubeba mandazi, mkate na chai ya vijiko 3 vya sukari kwa pamoja. Vijiko 3 hivyo ni gramu 12 hadi 15. Vipande 2 vya mkate ni karibu gramu 30. Umeshapita kiwango cha asubuhi, ambacho ni gramu 15 hadi 30, hata kabla ya kugusa mandazi.

Kiamsha kinywa kinachofaa: kiazi kitamu kimoja cha wastani kilichochemshwa (gramu 100 hadi 150, wanga wake 20 hadi 30), yai 1 au 2, na chai isiyo na sukari. Maziwa yahesabu pia, kikombe cha mililita 250 kina gramu 12.

Ugali una kelele nyingi. Watu huambiwa waache wa mahindi meupe wale wa wimbi, mtama na muhogo, halafu wanakula mlima wa ugali mweusi kwa amani. Rangi haipunguzi sukari ya kutosha kukuokoa, na muhogo ni wanga mtupu. Pima unga. Gramu 60 za unga mkavu hutoa takriban gramu 45 za wanga, na hiyo inatosha mlo mmoja. Pima kiasi hicho mara moja kwenye mizani ya dukani, kisonge peke yake, uone kinavyokaa kwenye sahani; jicho likishazoea hutahitaji mizani tena. Unga wa kusiaga usiokobolewa una faida ya nyuzinyuzi, uchague ukiweza, ila kiasi kibaki kile kile.

Nusu ya sahani ijae mboga: sukuma wiki, managu, saga, kunde, mrenda. Robo iwe omena, samaki, mayai, kuku, nyama au maharagwe. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, matoke au waru. Anza kula mboga na samaki, ugali ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza mpando wa sukari. Huku kwetu mtu wa Dunga au Usenge, kando ya ziwa, ana bahati, samaki na omena hazina wanga na zinashibisha. Nyoyo (githeri) ni chakula kizuri ikiwa maharagwe ni mengi kuliko mahindi. Nakuru na Molo, ambako waru (viazi) huingia karibu kila mchuzi, kumbuka kwamba waru ni wanga: wali na mchuzi wa waru ni wanga mara mbili, chips na soda vivyo hivyo.

Uji unahitaji tahadhari yake. Uji wa wimbi husifiwa kwa wajawazito kana kwamba ni dawa, lakini unga laini uliopikwa kwa maji mengi hufyonzwa haraka, na kikombe kikubwa chenye sukari kinaweza kukupeleka 10 ndani ya saa moja. Ukiutaka, unywe kikombe kidogo bila sukari, pamoja na yai au njugu, na si asubuhi. Kisha pima. Mashine yako ndiyo itakayoamua kama uji unakufaa.

Matunda yaliwe, yasinywewe. Ndizi ndogo 1, au chungwa 1, au nusu ya embe la wastani kwa mara moja, si yote matatu. Parachichi lina wanga kidogo sana. Miwa, juisi na soda weka kando hadi ujifungue. Chupa ya soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Asali na sukari nguru ni sukari.

Huna haja ya sufuria yako peke yako. Pika kwa familia nzima kama kawaida na ubadilishe kinachopakuliwa kwenye sahani yako. Atakayekupakulia, awe dada au mama mkwe, aelezwe mapema ili asidhani unakidharau chakula chake.

Baada ya kila mlo tembea dakika 10 hadi 15. Misuli huchukua sukari bila kuhitaji insulini nyingi, na utaona tofauti kwenye mashine siku hiyo hiyo. Kisumu mchana kuna joto kali. Tembea kivulini au zunguka ndani ya boma. Usitembee kama umeambiwa kondo liko chini au unatokwa na damu.

Dawa za mitishamba za kushusha sukari ziache, zikiwemo zile chungu zinazouzwa kwenye chupa stendi. Kipimo chake hakijulikani, na baadhi huchochea mikazo ya tumbo la uzazi.

Dawa

Kuhitaji insulini hakumaanishi umeshindwa. Ni kondo ndilo limekua. Insulini haivuki kwenda kwa mtoto, na kwa wengi huachwa siku ya kujifungua.

Mara nyingine huanzishwa metformini, miligramu 500 pamoja na chakula, ikipandishwa polepole kwa sababu hukoroga tumbo na kuleta kuhara. Hii huvuka kondo, na daktari atakueleza kwa nini amekuchagulia. Ikiwa unatumia dawa za kupunguza makali ya HIV zenye dolutegraviri, lazima aliyekuandikia metformini ajue: dolutegraviri huongeza metformini mwilini, na kiwango cha metformini hakipaswi kupita miligramu 1,000 kwa siku. Usifiche kwa aibu, na usiache ARV.

Kwa insulini, tumia sirinji ya insulini yenye alama za yuniti 100 kwa mililita. Sirinji ya kawaida ya mililita 2 inaweza kukupa dozi mara kadhaa ya uliyoandikiwa. Insulini yenye rangi ya maziwa ibiringishe viganjani mara 10 hadi ichanganyike, usiitikise. Choma tumboni, mbali na kitovu, au pajani. Tumboni ni salama, sindano haimfikii mtoto. Sukuma dawa, hesabu hadi 10, kisha chomoa. Hama sentimita 2 kutoka sehemu ya jana, la sivyo ngozi hufanya vinundu na dawa haifyonzwi vizuri. Insulini ya kawaida huchomwa dakika 30 kabla ya kula. Usiichome kabla hujaona chakula kimeiva.

Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, digrii 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda, itupe hata ikiyeyuka. Huna friji? Omba zahanati au duka la dawa wakutunzie za akiba, uchukue moja moja. Iliyofunguliwa hukaa kwa kawaida wiki 4 mahali pasipozidi digrii 30 (soma karatasi yake), na nyumba ya mabati Kisumu au Ahero hupita hapo kila mchana. Tengeneza baridi hivi: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, mwagilia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa chenye unyevu, weka kivulini penye upepo. Insulini iwe ndani ya chombo kikavu kilichofungwa. Ikipata mabonge, au ile iliyo angavu ikageuka ukungu, haifai.

Sindano zilizotumika tia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uirudishe hospitalini. Zisiende chooni wala kwenye shimo la taka wanakochezea watoto.

Ukiwa kwenye insulini ya usiku na asubuhi sukari iko juu kuliko ulivyotarajia, pima mara moja saa 9 usiku kabla ya dozi kuongezwa, ili ijulikane kama hushuki sana usingizini.

Sukari ikishuka

Kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu. Pima, ikiwa chini ya 3.9, au huna mashine karibu, korogea vijiko 3 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe. Soda ya kawaida nusu glasi inafaa pia, na huu ndio wakati pekee wa soda. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ikishapanda, kula kitu kama kipande cha mkate na maziwa. Chokoleti na chapati hazifai hapa, mafuta huchelewesha. Mtu aliyezimia asitiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, na akimbizwe hospitali. Mweleze baba watoto haya yote kabla hayajatokea.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo

Mtoto akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, usisubiri kesho. Vilevile kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu ya juu ya tumbo au kuvimba uso ghafla, maji kutoka, damu, kutapika kusikokoma huku sukari iko juu, nambari zinazozidi 11 mara mbili mfululizo. Jambo moja ambalo watu hulifurahia vibaya ni sukari kushuka ghafla bila sababu baada ya wiki ya 32, hadi insulini ionekane haihitajiki. Wakati mwingine huashiria kondo linachoka. Kapimwe.

Ukichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kwa hofu ya kujifungua mapema, tarajia sukari kupanda kwa siku kadhaa. Uliza mapema watakavyoirekebisha.

Kujifungua

Panga mahali mapema, kufikia wiki ya 34. Pawe na chumba cha upasuaji na wodi ya watoto wachanga saa 24: hospitali ya rufaa ya kaunti Nakuru au Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu (ambayo wengi bado huiita Russia), au Moi Eldoret ukiwa upande huo. Hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, umekamilika kabla ya uchungu kuanza.

Unayejidhibiti kwa chakula pekee unaweza kusubiri uchungu, ila usipite wiki 40 na siku 6. Anayetumia dawa kwa kawaida hupangiwa wiki ya 39. Kisukari peke yake si sababu ya kupasuliwa. Upasuaji hujadiliwa mtoto akikisiwa kilo 4.5 au zaidi. Skani ya uzito hukosea, hivyo uliza ilifanywa lini na inasemaje kuhusu tumbo la mtoto.

Wakati wa uchungu sukari hupimwa karibu kila saa, ikilengwa kati ya 4 na 7. Beba mashine yako na stripu, wodi yaweza kuwa imeishiwa.

Mtoto akizaliwa akaushwe, alazwe kifuani mwako ngozi kwa ngozi na anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha kila saa 2 hadi 3. Sukari yake ipimwe saa 2 hadi 4 baada ya kuzaliwa, hata kama ni mnene na anaonekana mzima. Unene huo ndio sababu ya kumpima. Akitetemeka, akilegea, akikataa titi, akipumua kwa haraka au akiwa baridi, mwite mkunga papo hapo. Msitoke hospitali kabla ya saa 24.

Kwa aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba

Hatari yake iko mwanzoni, wiki za kwanza 8 moyo na uti wa mgongo wa mtoto vinapoumbika, mara nyingi kabla mama hajajua ana mimba. Kwa hiyo panga uzazi: HbA1c chini ya asilimia 6.5 kabla ya kushika mimba, foliki asidi miligramu 5 kila siku hadi wiki ya 12, macho na figo vikaguliwe. Enalaprili na losartani, dawa za presha, hudhuru mtoto; hizo pamoja na dawa za kushusha mafuta hubadilishwa. Ukijikuta mjamzito ukizitumia, nenda kliniki wiki hiyo. Daktari pia huongeza aspirini ya kiwango kidogo kuanzia wiki ya 12 ili kuzuia kifafa cha mimba.

Wiki 6 baadaye

Kwa kisukari cha ujauzito, insulini husimamishwa mara kondo linapotoka, na sukari hupimwa tena kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Halafu hapa ndipo wengi hupotea. Mtoto ana chanjo ya wiki 6. Siku hiyo hiyo, wewe fika bila kula, urudie kipimo cha gramu 75. Safari hii damu hutolewa mara 2 tu, na vipimo ni vya mtu asiye na mimba: kabla ya kunywa 7.0 au zaidi, au baada ya saa 2 ikifika 11.1, ni kisukari cha kudumu. Kati ya 7.8 na 11.0 baada ya saa 2 uko ukingoni, na kubadilisha chakula sasa kunaweza kukuzuia usivuke. Ukiwa sawa, pima kila mwaka.

Unaponyonyesha watu watakuletea uji mtamu kwa ndoo ili maziwa yaongezeke. Maziwa huongezwa na mtoto kunyonya mara nyingi na mama kunywa maji ya kutosha. Njahi wanazopikiwa wazazi Nakuru ni chakula kizuri kwako; sukari kwenye uji ndiyo ya kukataa.

Kwenye Kijitabu cha Mama na Mtoto omba iandikwe wazi kwamba ulikuwa na kisukari cha ujauzito, pamoja na nambari zako, dozi ya mwisho na uzito wa mtoto. Mimba ijayo upimwe siku ya kwanza ya kliniki, na muuguzi atakayekupokea huenda asiwe yule wa sasa.